Picha nne kwenye sanduku la babu: Nchi Takatifu ilivyoonwa na kamera za kale

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili huku Lushoto. Babu yangu alikuwa mwinjilisti, na baada ya msiba wa bibi tumekuta kwenye sanduku lake picha nne za Nchi Takatifu. Ya kwanza ni lango kubwa la Yerusalemu, juu yake pana mnara wa saa. Ya pili ni Gethsemane, ina rangi, na nyuma linaonekana kanisa lenye makuba kama vitunguu. Ya tatu ni ya kahawia, imebandikwa kwenye kadibodi: watu wamesimama kwenye ukuta wa mawe makubwa, na pembeni pameandikwa Bonfils. Ya nne ni milima mitupu, hakuna mtu hata mmoja, anga nyeupe. Nyuma yake babu ameandika kwa penseli 'Hapa Bwana alipita'. Ndugu zangu wamegawanyika. Mmoja anasema hivyo ndivyo nchi ilivyokuwa siku za Yesu, na ule utupu ni unabii uliotimia. Mwingine anasema ile ya rangi ni mchoro tu, maana zamani hapakuwa na picha za rangi. Kuna mtu wa mjini anataka kuzinunua zote. Mimi nilifikiri nizifute vumbi kwa kitambaa kibichi, nizipeleke stesheneri zitiwe lamineshini, kisha nizitundike darasani. Unanishauri nini?"

JIBU: Marahaba mwalimu, na poleni sana kwa kuondokewa na bibi. Nianze na la haraka: picha hizo usizifute kwa kitu chochote chenye maji, na stesheneri usikanyage. Sababu zake nitakupa huko mbele. Kuhusu ndugu zako, wote wawili wamekosea, ila kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi.

Picha ya lango ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu ina saa. Sisemi mishale yake. Mnara wenyewe ni kalenda. Hilo ni Lango la Yafa, magharibi mwa mji wa kale. Waturuki waliuongeza huo mnara yapata mwaka 1908 kumtukuza Sultani Abdul Hamid wa Pili. Waingereza waliuteka mji mwaka 1917, mnara hawakuupenda kwa kuwa waliona hauendani na ukuta wa kale, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakauondoa. Basi picha yako ilipigwa katikati hapo, ndani ya miaka kama 15 tu. Tazama na pembeni ya lango. Yaelekea utaona ukuta umekatika na magari ya farasi yanapita. Pengo hilo lilifunguliwa mwaka 1898 ili Kaisari Wilhelm wa Pili aingie kwa fahari. Alikwenda kuzindua Kanisa la Mkombozi la Walutheri, tarehe 31 Oktoba mwaka huo, na ni Kaisari huyohuyo aliyekuwa akitawala huku kwetu. Wamisionari wa Kijerumani wa Bethel walishafika Usambara tangu 1891. Kwa hiyo mimi sishangai kadi ya Yerusalemu kuishia kwenye sanduku la mwinjilisti wa Lushoto.

Sasa mpe ndugu yako wa kwanza tarehe nyingine. Ukuta unaouona kwenye picha hiyo ulijengwa kwa amri ya Sultani Suleiman, ukamalizika mwaka 1541. Ngome ya Yesu pale Mombasa Wareno waliianza 1593. Kuta hizo mbili zimepishana miaka hamsini na ushee tu! Yerusalemu ya siku za Bwana iliteketezwa na Warumi mwaka 70, ikajengwa upya na Mfalme Hadriani kwa jina jingine, ikabomolewa na kujengwa tena mara kadhaa, na njia nyingi za karne ya kwanza leo ziko mita kadhaa chini ya nyayo za watalii. Kamera iliwasili mwishoni mwa 1839, miezi michache tu baada ya uvumbuzi wa Mfaransa Daguerre, wa kupiga picha kwenye bamba la shaba, kutangazwa Paris. Ilikuta mji wa Waosmani, yaani wale Waturuki.

Kipande chake cha ukweli kiko kwenye picha ya tatu. Huo ni Ukuta wa Maombolezo, na yale mawe makubwa ya chini, yaliyochongwa ukingo laini kuzunguka kila jiwe, ni ya ujenzi wa Herode kweli. Mawe hayo Yesu angeweza kuyaona. Lakini hata hapo sikiliza kisa kimoja. Mwaka 1854 Mfaransa Auguste Salzmann alikwenda Yerusalemu na kamera kumtetea rafiki yake, mwanazuoni de Saulcy, aliyekuwa akidai kuna sehemu za kuta hizo zilizojengwa na Sulemani mwenyewe. Watu walikuwa wamemcheka, wakisema michoro yake ameitia chumvi. Salzmann akapiga kuta, mawe na makaburi, jiwe kwa jiwe, picha zaidi ya 150 kwa kutumia karatasi. Ni picha safi ajabu. Mimi nikiziangalia nahisi kama naweza kupitisha kidole kwenye nyufa. Kila jiwe lilikuwa pale pale lilipoonyeshwa. Hata hivyo de Saulcy alikuwa amekosea karibu miaka elfu moja. Picha ilishuhudia mawe, umri wa mawe haikuweza kuusema.

Hilo jina Bonfils ni la familia. Félix Bonfils alihama Ufaransa na kufungua studio Beirut mwaka 1867. Mkewe Lydie alikuwa akipiga picha pia, na mtoto wao Adrien akafuata. Félix alifariki 1885 na biashara ikaendelea, kwa hiyo jina pembeni halikuambii ni nani hasa aliyesimama nyuma ya kamera. Ile rangi ya kahawia ni ya karatasi iliyopakwa ute mweupe wa yai uliochanganywa na chumvi, ikaoshwa kwa nitrati ya fedha, kisha ikalazwa juani chini ya kioo chenye picha mpaka sura itokee. Mayai yaliyotumika katika studio kama hizo ni ya kulisha kijiji. Karatasi yenyewe ni nyembamba mno, ndiyo maana ilibandikwa kwenye kadibodi. Ingeachwa peke yake ingejikunja kama gome. Na angalia jinsi wanaume na wanawake wanavyosimama pamoja pale ukutani, na jinsi mpigapicha alivyobanwa. Uwanja mpana unaouona leo kwenye televisheni haukuwepo. Palikuwa na kichochoro cha upana wa mita kama 4, upande wa pili nyumba za mtaa wa Wamaghribi, mpaka mtaa huo ulipobomolewa Juni 1967.

Tuje kwa ndugu wa pili na picha ya rangi. Ni kweli kwamba kamera za wakati ule hazikushika rangi. Lakini si mchoro. Nenda kwa fundi saa umwombe ile lenzi anayoibana jichoni, uitazame picha kwa karibu. Ukiona vitone vilivyopangwa mistari kama vya gazeti, hiyo ni chapa ya kawaida ya mashine. Ukiona chembechembe zisizo na mpango, kama mchanga, na chini kuna maandishi ya dhahabu yenye namba na herufi P.Z., unayo fotokromu. Herufi hizo ni za kampuni ya Photoglob ya Zürich. Walichukua picha nyeusi na nyeupe, wakaihamishia kwenye mawe ya kuchapia yaliyopakwa lami maalumu inayogandishwa na mwanga, jiwe moja kwa kila rangi, mara nyingi zaidi ya 10, kisha wakachapa rangi moja juu ya nyingine. Umbo la mti, kivuli cha ukuta, dirisha la kanisa, hivyo vyote vilitoka kwenye kamera. Kijani cha mzeituni na uwaridi wa anga vilitoka kiwandani Uswisi, kwa maelezo na kwa kukisia. Usiwaambie watoto kwamba jioni ya Gethsemane ina rangi ile.

Umri wake? Makuba ya vitunguu ni ya kanisa la Kirusi la Maria Magdalena, lililowekwa wakfu 1888. Kama chini yake hakuna lile kanisa kubwa la Mataifa Yote, basi ni kabla ya 1924. Na kwa kuwa fotokromu za Nchi Takatifu zilitoka kwa wingi miaka ya 1890, mimi ningeiweka hapo.

Sasa ile ya nne, iliyowagombanisha. Hapa nitakaa kidogo.

Kemikali za fedha za zamani hazikuwa na macho kama yetu. Ziliamshwa na mwanga wa buluu na zambarau. Wekundu na kijani cha majani hazikuuona vizuri. Anga ya buluu ikawa inachoma bamba haraka kuliko kitu chochote kingine, na picha ikisafishwa anga inatoka nyeupe pe, mawingu yamemezwa. Udongo mwekundu wa milimani na majani ya mizeituni vikatoka vyeusi. Matokeo yake ni nchi kavu zaidi, kali zaidi, yenye ukimya zaidi kuliko ile aliyoiona mpigapicha mwenyewe kwa macho yake.

Halafu kuna muda. Chukua mfano wa Francis Frith, Mwingereza aliyefanya safari tatu za Misri na Palestina kati ya 1856 na 1860. Alitumia kolodioni, yaani pamba iliyotiwa asidi ikayeyushwa kwenye etha na pombe. Unaimimina juu ya kioo kama uji wa chapati za maji kwenye kikaango: inamisha pembe hii, inamisha ile, mpaka itandae. Unazamisha kioo kwenye nitrati ya fedha, unakipachika kwenye kamera kikiwa bado kibichi, unapiga, kisha unarudi hemani mbio kukisafisha kabla hakijakauka. Una dakika kama 10, na kwenye joto ni pungufu. Etha huchemka kwenye nyuzi 35. Hema la Frith lilikuwa na joto kupita hapo, na dawa ikawa inatoa mapovu ikigusa tu kioo. Baadhi ya vioo vyake vilikuwa inchi 16 kwa 20, sawa na sinia la kubebea chai ya wageni, na kila kimoja kilihitaji maji ya kuoshea katika nchi ambayo maji hubebwa kwa punda.

Lenzi iliachwa wazi sekunde kadhaa, wakati mwingine dakika nzima na zaidi. Kwa karatasi za kabla ya hapo ilikuwa dakika kadhaa. Mtu anayetembea haachi alama, au anaacha kitu kama moshi. Punda anayekatiza njia, mama mwenye mtungi, msafara mzima wa ngamia, wote wanaweza kupita mbele ya kamera na picha ikatoka tupu. Ukiwa bado na ile lenzi ya fundi saa, pitisha jicho kwenye njia iliyo kwenye picha yako. Ukungu mwembamba unaoelea njiani mara nyingi ni mtu.

Ongeza majira. Yerusalemu haipati mvua tangu Mei hadi karibu Oktoba. Anayepiga picha Agosti na kutangaza kuwa nchi ni jangwa amefanya kama mgeni aliyeshuka Dodoma mwezi wa Oktoba, hajaona Februari, akaandika kwamba huko hakuoti kitu.

La mwisho ni nia, na hapo ndipo hoja ya unabii ilipoingia. Mchungaji mmoja wa Uskoti, Alexander Keith, alikuwa na kitabu chenye hoja kwamba ukiwa wa nchi hiyo ni unabii uliotimia. Mwaka 1844 mwanawe George, daktari, alikwenda na vifaa vya dagereotipu, yaani picha za bamba la shaba za Daguerre, na michoro iliyonakiliwa kutoka picha zake ikatiwa kwenye toleo jipya la kitabu kama ushahidi. Unaona mpangilio? Hoja ilitangulia, picha ikatafutwa. Mtu aliyesafiri mwezi mzima kutafuta ukiwa hageuzi kamera kuelekea mashamba ya machungwa ya Yafa au viwanda vya sabuni ya zeituni vya Nablus, navyo vilikuwepo. Wanunuzi wa Ulaya nao walitaka kuona Biblia, hawakutaka kuona soko. Imani ya ndugu yako juu ya unabii siigusi, hiyo ni kazi ya mchungaji wenu. Ninachosema ni kwamba picha hii haiwezi kumbebea mzigo huo.

Usidhani kamera zote zilikuwa za wageni. Patriarki wa Waarmenia wa Yerusalemu, Yessayi Garabedian, alikuwa mpigapicha, na mwishoni mwa miaka ya 1850 alianzisha karakana ya kuwafundisha vijana ndani ya uwanja wa kanisa lake. Mwanafunzi wake Garabed Krikorian akafungua studio nje ya Lango la Yafa. Khalil Raad, Mwarabu aliyejifunza kwa Krikorian, naye akafungua ya kwake mkabala, na uhasama wa biashara ukatulia pale mtoto wa Krikorian alipomwoa mpwa wa Raad. Picha za watu hawa zina harusi, wafanyakazi, watoto wenye viatu vipya. Zitafute, zitakusaidia kuujaza ule utupu.

Kwa ajili ya darasa ningekushauri hivi: za babu zisitundikwe. Jua la dirishani linaipausha picha ya ute wa yai taratibu, na ikishapauka haina dawa. Piga nakala, tundika nakala. Unaweza pia kuongeza nyingine za bure: Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni mkusanyo wa Matson, picha zaidi ya 20,000, zilizotoka kwa wapigapicha wa American Colony ya Yerusalemu, jumuiya ya Wakristo waliohamia huko kutoka Marekani, tangu 1898. Ila uwe macho. Baadhi ziliigizwa. Kuna mfululizo mzima wa mchungaji na kondoo uliopangwa kufuata Zaburi ya 23 mstari kwa mstari, na mwingine wa Ruthu akiokota masazo. Ni picha nzuri, na kondoo ni kondoo wa kweli, lakini waambie watoto kwamba yule mama alikuwa mwanakijiji wa karne ya 20 aliyeombwa asimame hivyo.

Juu ya mnunuzi, nikuambie bila kukuvunja moyo: Bonfils na fotokromu zilichapwa kwa maelfu mengi na bado zinapatikana sokoni. Hazitakujengea nyumba. Picha za mamilioni ni za aina nyingine, zile dagereotipu, mabamba ya shaba yenye uso wa fedha yanayong'aa kama kioo cha kujitazamia, na kila moja ni ya pekee, haina nakala. Hata hivyo nisingeuza, na sababu yangu ni yale maandishi ya penseli. Bonfils bila jina wako wengi. Bonfils aliyekaa kwenye sanduku la mwinjilisti wa Usambara pamoja na wenzake watatu ni huyo mmoja. Ukimuuzia mtu, ataitoa hiyo moja na zilizobaki zitatawanyika. Mpigapicha mmoja wa Yerusalemu wa miaka ya 1850, Mendel Diness, alihamia Marekani, akabadili jina, akawa mhubiri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 masanduku yake ya vioo yaliibuka Minnesota kwenye mauzo ya vitu vya gereji. Kama mnunuzi angekuwa mvivu wa kuuliza maswali, sehemu ya picha za kale kabisa za mji ule ingeishia jalalani.

Sasa utunzaji, na ile lamineshini. Niliwahi kuletewa albamu ya ofisi moja ya kanisa, picha za miaka ya 1890, zote zimetiwa plastiki ya moto. Joto lilikuwa limeupasua ute wa yai kama udongo wa mbugani, na gundi imeingia ndani; kuitoa ni kuibandua picha yenyewe. Maji nayo huulainisha ute na kung'oa sura. Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu ya kuchorea, kutoka katikati kwenda nje, tena kama halijagandia. Shika ukingo tu, mikono mikavu. Funga kila picha kwa karatasi nyeupe isiyo na asidi, uilaze bapa ndani ya boksi safi, juu ya rafu, mbali na jiko, dari la bati na ukuta wenye unyevu. Mfuko wa rambo hapana, unafungia unyevu na Lushoto ina ukungu wa kutosha. Usitumie selotepu, wala kalamu ya wino nyuma.

Kupiga nakala, skana ya kawaida inatosha ukiweka nukta 600 kwa inchi (dpi), mara moja tu kwa kila upande. Ukitumia simu, laza picha karibu na dirisha, zima mmuliko, simu iwe sambamba na picha. Piga na nyuma, usisahau nyuma.

Kuna hali ambazo ushauri wa maandishi hautoshi. Ukiona kuvu wa madoadoa yenye manyoya, sura inabanduka kama magamba, picha imegandia kwenye kioo cha fremu, au humo sandukuni mkikuta bamba linalong'aa kama nililoeleza, acha kila kitu kilivyo. Wasiliana na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa au Makumbusho ya Taifa, uwaulize nani anaweza kuzitazama ana kwa ana. Na kama mzee yeyote aliyemfahamu babu yako bado yupo, mtembelee mapema kuliko hao wote, ukiwa na nakala, umwulize kama aliwahi kumwona akizionyesha kanisani na alisema nini.

Ukirudi nyumbani, igeuze ile ya Lango la Yafa. Ikiwa nyuma yake imegawanywa kwa mstari wa wima, nusu ya barua na nusu ya anwani, hiyo ni postikadi; mstari huo Wajerumani waliuruhusu mwaka 1905. Tazama kama pana stempu au mhuri wa posta, hata nusu yake, halafu unitumie picha ya upande huo.